Rupia 40 za Bibi wa Tabora



Msimu wa harusi umeshaingia, na maswali mnayotuletea ni yale yale ya kila mwaka: mahari yawe kiasi gani, yapokelewe na nani, na je, ni aibu biharusi kutaka yaandikwe? Hili la tatu ndilo lililotufanya tufungue kasha. Tunajua baadhi yenu mnaambiwa kwamba kuandikiana mahari ni mambo ya siku hizi, ya wasichana waliosoma wakajua mengi. Basi nyumbani kwetu tuna karatasi ya mahari ya mwaka 1326 wa Hijra, yaani 1908, iliyoandikwa Tabora, na mwanamke anayetajwa ndani yake hakujua kusoma wala kuandika.

Kasha lenyewe ni la njumu, mbao nzito iliyopigiliwa misumari ya shaba, lina visanduku vitatu vya kuvuta chini. Liliingia Unguja miaka ya ishirini pamoja na mama wa bibi yetu, ambaye nyumbani hana jina jingine ila Bibi wa Tabora. Sisi ndugu watatu, watoto wa mama mmoja, hatukumdiriki. Tuliyemdiriki ni binti yake, bibi yetu, aliyezaliwa huko Tabora mwaka 1912, mwaka ambao reli kutoka Dar es Salaam ilifika mji ule. Siku yake ya kuzaliwa hakuijua. Yeye akijua treni tu. Akiulizwa umri hujibu, "Hesabuni tangu gari moshi."

Mle ndani mna karatasi sita. Tano ni za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na moja ni ya Kijerumani yenye muhuri. Mna mrashi ulioziba shingo, doti moja ya kanga iliyofifia mpaka maandishi yake hayasomeki, kipande cha kaniki, rupia saba za fedha zilizotobolewa, noti mbili za karatasi, na kibaba cha mti cha kupimia. Kila kimoja tumekijua tangu utotoni, maana kila Idi kasha lilikuwa likifunguliwa likaanuliwa. Karatasi hizo hazikuwa zikisomwa. Bibi akizibusu, akizifunga tena katika kitambaa, basi.

Hadithi tuliyolelewa nayo ni kwamba Bibi wa Tabora alikuwa binti wa mtemi wa Unyanyembe. Hadithi hii haikutoka hewani. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alikuwa kweli na binti, Karunde, aliyeolewa na Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, amemtaja katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili kabla ya kufa kwake hapa Unguja mwaka 1905. Ndoa ile ilimfanya Muhammad bin Juma kuwa mtu mkubwa katika mji. Nadhani mnaona wenyewe: familia ya kisiwani yenye bibi aliyetoka Tabora, nani asingependa bibi huyo awe na damu ya Karunde? Damu ya mtemi inapendeza kutajwa mbele ya wakwe.

Karatasi zinasema vingine.

Kwa wale ambao Tabora kwenu ni jina la asali tu, tuseme maneno machache. Njia ya misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora, halafu ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Msafara wenye mizigo ulichukua kiasi cha miezi mitatu kutoka pwani mpaka Tabora, wote kwa miguu. Nguo na shanga zilipanda, pembe zikashuka, na watu wakashushwa pamoja nazo. Watu wa pwani yetu walijenga huko nyumba za tembe na wakapanda miembe, na mpaka leo mji ule una mtaa unaoitwa Ng'ambo kama hapa kwetu. Tulikwenda miaka miwili iliyopita. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na mlango wake wa nakshi ungeweza kuwa wa nyumba yoyote ya Mji Mkongwe. Wageni wenzetu walipiga picha mlangoni. Sisi tulikwenda kusimama uani, kwa sababu uani ndiko alikokaa mtu wetu katika nyumba ya namna ile.

Bibi wa Tabora aliletwa mtoto mdogo kutoka ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika. Alikumbuka maji mengi na mashua, na mkono wa mwanamke mmoja ambaye hakujua kama ni mama yake. Kutoka Ujiji akapandishwa mpaka Tabora, akauzwa katika nyumba ya mtu mwenye asili ya pwani. Jina lake la kwao alilisahau. Katika karatasi zote anaitwa kwa jina alilopewa mle nyumbani, na jina la baba limeandikwa Abdallah, kama walivyoandikwa wengi ambao baba zao hawakujulikana. Kila baba ni mja wa Mungu.

Babu alikuwa mtu wa Unguja. Alipanda kwa miguu kutoka Bagamoyo na mzigo wa nguo wa kukopa, akafungua kiduka. Aliuza kaniki, merikani, shanga, na chumvi ya Uvinza, ile inayopikwa kwa maji ya chemchemi za huko njia ya kwenda Ujiji. Yule binti alikuwa akitumwa chumvi. Na kila alipotumwa, Babu alipima kibaba kimoja kisha akaongeza konzi. Hakusema neno. Wiki baada ya wiki, konzi. Mwisho mke wa mwenye nyumba akauliza mbona chumvi ya kibaba kimoja inajaa chungu, na hapo ndipo siri ikatoka. Hiyo ndiyo posa yao, wapenzi. Kibaba kilichomo kasha ndicho kile kile, na bibi yetu alipokuwa akikisimulia alikuwa akikunja konzi yake mwenyewe kutuonyesha.

Barua ya kwanza, ya mfungo sita, ni ya Babu kwenda kwa mwenye nyumba. Nusu ya ukurasa ni salamu: heshima, dua, habari za watu wa nyumbani. Mwalimu aliyetusomea alicheka akasema huyu bwana kabla ya kuomba mke ameuliza hali ya mji mzima. Uzuri wa binti hautajwi. Chumvi haitajwi. Anasema tu kwamba anamtaka fulani kwa ndoa ya sheria na anaomba jibu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza posa za wakati ule, na mahari, kilemba na mkaja. Lakini hizo ni desturi za binti mwenye wazee. Huyu wetu hakuwa na baba wa kupewa kilemba wala mama wa kufungwa mkaja.

Jibu la mwenye nyumba ni fupi, na ndilo lililotunyima usingizi. Anatoa njia mbili. Ya kwanza, amwoze kama alivyo, mtumwa, na mahari yapokelewe na yeye. Hapa msimlaani haraka kwa kudhani amezua. Katika fiqhi ya wakati ule mahari ya mtumwa yalikuwa ya bwana wake. Ya pili, Babu atoe fidia ya rupia 60, binti aachwe huru, na fidia hiyo ihesabiwe kuwa ndiyo mahari. Mwenye nyumba alikuwa msomi kidogo, kwa sababu anataja kisa cha Mtume, Swalla Allahu alayhi wasallam, na Bibi Safiyya, ambaye kuachwa kwake huru ndiko kulikofanywa mahari yake.

Babu angeweza kukubali. Rupia 60 zilikuwa nyingi kwa mtu mwenye duka la mkopo, na hoja ilikuja na kisa cha Mtume juu yake. Lakini wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafii wamesema jambo la Bibi Safiyya lilikuwa mahsusi kwa Mtume. Hatujui kama Babu aliyajua haya mwenyewe au alimuuliza mtu. Bibi yetu alikuwa akisema hakuwa Babu aliyekataa. Aliyekataa ni bibi harusi. Alisema rupia 60 ni bei ya mtu, na mahari si bei.

Sasa hebu tufahamiane juu ya wakati wenyewe. Hapa Unguja amri ya kuondoa utumwa ilitoka mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Kule bara chini ya Wajerumani utumwa haukufutwa. Mwaka 1904 walitoa amri kwamba mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru, na waliokwisha kuzaliwa wakabaki kama walivyo. Mtumwa aliyelipiwa fidia aliweza kupewa barua ya huru bomani. Kufutwa kwenyewe kulikuja 1922, wakati wa Waingereza. Kwa hiyo mwaka 1908, Tabora, binti huyu hakuwa na sheria yoyote ya kumwambia yu huru kwa jua kuchomoza. Ilibidi alipiwe na apewe karatasi.

Alipewa mbili. Moja ni ile ya Kijerumani, ya bomani, fomu iliyojazwa kwa kalamu ya wino. Nyingine ni ya Kiswahili, na ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Watu wa dini wengi wakati ule hawakuridhika na karatasi ya serikali peke yake. Walitaka bwana atamke mwenyewe. Na kwa binti asiye na jamaa, aliyemwacha huru ndiye anayekuwa walii wake, kwa hiyo nikaha nayo ilisimama juu ya tamko lile. Karatasi inasema mwenye nyumba alitamka mbele ya mashahidi wanne. Kisha inasema mashahidi wawili walikwenda mpaka mlango wa uani wakamuuliza binti kama anamridhia mtu huyu.

Mabiharusi wetu, mnajua kwamba kunyamaza kwa mwanamwali huhesabiwa ni kuridhia. Huyu hakunyamaza. Imeandikwa kwamba alijibu kuwa ameridhia, kwa sharti mahari yake ayapokee kwa mkono wake, mlangoni pale pale, kabla ya kutoka. Karani ameyaandika maneno haya bila ya mshangao wowote. Sisi tunapoyasoma humkumbuka Barira, yule aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akapewa hiari ya kubaki na mumewe au kumwacha. Mume wake alikuwa akimfuata njiani akilia. Mtume alimwombea kwake, na Barira akauliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa si amri, ni kuombewa tu, alikataa, wala hakulaumiwa. Mwanamke ametoka utumwani jana na leo anaulizwa, na jibu lake linachukuliwa kuwa jibu.

Cheti cha mahari ni karatasi ndogo kuliko zote. Rupia 40, taslimu, zimepokelewa mkononi. Chini pana alama ya kidole. Tumekiweka kidole chetu juu yake mara nyingi, kila mmoja kwa zamu, kama watoto.

Na nyuma ya cheti kile kuna jambo la kuchekesha. Miezi minne baada ya harusi Babu aliishiwa mtaji, akamwendea mkewe. Bibi akamkopesha rupia 20. Akamwandikisha! Deni limeandikwa nyuma ya cheti cha mahari, pamoja na mashahidi, kama tulivyoamrishwa kuandikiana madeni katika Suratul-Baqara, na limekatwa kwa mistari miwili pale alipolipa, kumi na kumi. Mama yetu mkubwa huona haya kwa jambo hili, anasema mke hamdai mumewe karatasi. Sisi tunaona ndoa ile ilidumu zaidi ya miaka thelathini na karatasi iko pale pale.

Rupia saba alizitoboa akazivaa shingoni. Nyingine zilikuja kufanya kazi wakati wa vita.

Vita Vikuu vya Kwanza viliifikia Tabora mwaka 1916. Majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakishuka kutoka magharibi, na Wajerumani wakijitayarisha kuondoka kwenda kusini, wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo. Babu alichukuliwa. Usiku mmoja kabla ya kuondoka aliandika barua ya sita, ya mfungo pili 1334, na hii peke yake ndiyo aliyomwandikia mkewe moja kwa moja, ingawa alijua atasomewa na mtu.

Tuseme kweli, tulitarajia maneno ya mapenzi. Yamo, mstari mmoja, na huo tunauacha ndani ya kasha. Yaliyobaki ni mambo ya kazi: nani anadaiwa, mzigo wa nta uko kwa nani, mtoto aanzishwe chuo. Kisha anaandika kwamba asiporudi mpaka mwisho wa mfungo sita wa mwaka 1336, basi mkewe ameachika talaka moja na baada ya eda aolewe akipenda. Mbele ya watu waliokuwa pale, anataja kwamba hataki atundikwe, asiwe mke wala asiwe mjane, akingojea mtu ambaye huenda mifupa yake iko porini. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, na wake zao wengi hawakuletewa habari. Mnaosoma msiige hati ya namna hii kwa kichwa chenu; talaka ya sharti ina hukumu zake, mwendeeni kadhi kwanza. Lakini tumewahi kuzungumza na wanawake wa leo, humu humu kisiwani, ambao mume yuko nje miaka saba, hapigi simu wala hatoi talaka. Wao barua hii hawakuihitaji kufasiriwa.

Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Babu alikuwa amemwachia mkewe noti za karatasi, zile za muda zilizochapishwa nchini kwa sababu meli za Ujerumani hazikuweza tena kuingia. Mwaka huo huo Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli ya Tabora, zenye picha ya tembo, na leo watoza sarafu huzigombania. Bibi hakuwahi kushika hata moja. Alikuwa na noti, na noti baada ya Wajerumani kuondoka hazikununua kitu. Mbili zilizobaki ndizo zilizomo kasha. Kilichowalisha yeye na mtoto ni fedha ya mahari, aliyoificha ndani ya kibaba, juu yake chumvi.

Babu alirudi Rajabu 1335, kabla ya muda wake, amekonda na vidole vya miguu vimeliwa na funza. Wakati huo Waingereza walikuwa wameshaupokea mji kutoka kwa Wabelgiji. Miaka michache baadaye walipanda treni, wakavuka kuja Unguja, na barazani kwa watu Bibi akawa binti wa mtemi. Nani alianza kusema hivyo hatujui. Yeye mwenyewe, kwa maneno ya bibi yetu, hakusema ndiyo na hakusema siyo.

Sasa tufike kwa sababu iliyofanya karatasi hizi zisomwe baada ya miaka mia.

Mtoto wa ndugu yetu aliposwa mwaka jana. Kijana mzuri, mswalihina, ana kazi. Wazee wa upande wa pili wakauliza lile swali ambalo nyote mnalijua, linaloulizwa kwa sauti ya chini baada ya kahawa: ninyi asili yenu wapi? Mama mkubwa akajibu, Unyanyembe, kwa mtemi. Binti akawa anasikia kutoka chumbani. Usiku akatuambia, "Nataka zile karatasi zisomwe kwanza. Sitaki kuingia kwa watu na asili ya kuazima."

Nyumba ilichafuka. Mama mkubwa alisema karatasi ya bomani itolewe ichomwe, kwani ni nani anayeijua? Alisema si uongo, ni sitara, na Mungu anapenda sitara. Hatukumdharau. Mama huyu aliona katika ujana wake posa mbili zikivunjika kwa neno moja lililosemwa nyuma ya mlango, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini sitara huwekwa juu ya dhambi, na Bibi wa Tabora hakufanya dhambi. Dhambi ilikuwa ya waliomuuza. Hilo tulilisema, kwa adabu, na halikupendwa.

Wakaingia katika kufu. Ni kweli madhehebu ya Shafii yamehesabu nasaba na uhuru katika kufu, na Imamu Malik ameiegemeza zaidi kwenye dini. Lakini hata kwa Shafii kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia ndoa inaswihi. Na Mtume alimwoza Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, kwa Bibi Zaynab binti Jahsh, mtoto wa shangazi yake mwenyewe. Ajabu ni kwamba swali la asili huulizwa sana pale ambapo hakuna sheria inayoliuliza. Yule Mtoro wa Bagamoyo tuliyemtaja alioa mwanamke wa Kijerumani mjini Berlin mwaka 1904. Mwaka uliofuata alipojaribu kurudi naye nyumbani, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pamoja. Wakarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Mtu aliyewaeleza Wajerumani ndoa za Waswahili alizuiliwa bandarini kwa ajili ya ndoa yake.

Karatasi zilisomwa. Mwalimu alizisoma sebuleni mbele ya wazazi wa pande mbili, zote sita, isipokuwa ule mstari mmoja. Aliposoma lile jibu la mlangoni, mama wa kijana alifuta macho. Baba yake hakusema kitu. Siku kumi na moja tulikaa bila ya habari, na wenye kujua siku kumi na moja za nyumba yenye posa wanajua. Siku ya kumi na mbili akaja kijana na baba yake, wakapanga tarehe. Shangazi mmoja wa kwao hakuja harusini na mpaka leo hatuamkii. Tumemwachia Mola.

Binti alitaka mahari yake yaandikwe kwa tarakimu, kwa maneno, na kwa tarehe aliyopokea, na atie saini mwenyewe mbele ya mashahidi. Kijana alitia saini yake chini bila ya kuulizwa mara mbili. Usiku wa hina alivaa zile rupia saba.

Kwa wenye karatasi kama hizi nyumbani, na tunajua mko wengi: msizitie plastiki ya moto, msizigandishe kwa selotepu, na msizifukize udi, moshi unazila. Zifungeni kwa kitambaa safi cha pamba kisichotiwa rangi, mziweke pakavu, mzipige picha leo leo. Kama hakuna anayesoma herufi za Kiarabu kwa Kiswahili katika nyumba yenu, mwalimu mzee wa chuo anaweza, na pale Nyaraka za Taifa Kilimani wapo watu waliozoea maandishi ya zamani. Na msiamue kabla ya kusoma kwamba mnajua yaliyomo.

Cheti kipya cha mahari kimeingia kasha pamoja na vile vya zamani. Zimekuwa karatasi saba. Kibaba amekichukua biharusi, amekiweka jikoni kwake na anapimia mchele. Iliyobaki ni kaniki. Bibi wa Tabora aliitunza pamoja na doti ya kanga aliyoivaa siku ya harusi, imekunjwa ndani yake, nyeusi ndani ya rangi. Mama mkubwa amekubali karatasi zibaki lakini kaniki anataka izikwe. Binti anataka aichukue kwake. Bado hatujakubaliana, na kwa sasa imekunjwa pale pale, ndani ya kanga.